Sukari ya nini kwenye ORS?

Tanga,
Jumapili jioni

Kwako shoga yangu Mama Zuhura,

Salamu nyingi. Sisi hatujambo, ila joto la huku unalijua. Nimefurahi kusikia Zuhura amerudia utundu wake. Juzi uliniuliza, "Hiyo sukari ya nini kwenye ORS, ile dawa ya kuhara ya kukoroga na maji?" salio likakatika kabla sijakujibu. Ngoja nikuandikie.

Tuanzie jikoni. Ukipikicha kitunguu na chumvi ukakiacha, baada ya muda unakuta maji kwenye bakuli. Hukuyatia wewe. Yametoka ndani ya seli za kitunguu, yamepenya utando wake kuifuata chumvi iliyo nje. Ndiyo ile osmosisi tuliyokariri shuleni kama kasuku: maji huhamia kwenye chumvi au sukari nyingi zaidi.

Utumbo nao ndivyo ulivyo. Hauna pampu ya kuvuta maji. Huvuta chumvi, maji yakafuata. Kwenye utando wa seli za utumbo mwembamba kuna protini iliyo kama mlango wa wasafiri watatu: glukosi moja, yaani sukari, huingia pamoja na sodiamu mbili, ile iliyomo kwenye chumvi. Mwanasayansi Robert Crane aliueleza mlango huo kule Prague mwaka 1960. Tena sumu ya kipindupindu, pamoja na kuufanya utumbo umwage maji ndoo kwa ndoo, mlango huu haiuharibu. Kwa hiyo sukari ile si ya kumbembeleza mtoto anywe. Bila yake, sodiamu nyingi ingepita tu na kutoka, na maji nayo.

Mwaka 1971 wakimbizi wa vita vya Bangladesh walijazana Bongaon, India, kipindupindu kikawaingilia na dripu zikaisha. Daktari Dilip Mahalanabis akaamua wanyweshwe maji ya chumvi na sukari, hata ndugu wa wagonjwa wakawa wanawanywesha wenyewe. Vifo vilivyokuwa karibu 30 kwa kila wagonjwa 100 vikashuka chini ya 4. Kila nikishika pakiti wodini, mimi hukumbuka hao ndugu na vikombe vyao.

Sasa nikugombeze, shoga. Pakiti ya lita moja umeikorogea kwenye kikombe! Maji mazito hivyo hufanya kama ile chumvi ya kachumbari: huyavuta maji ya mwili yaingie utumboni, mtoto azidi kuhara. Tena chumvi nyingi kwenye damu ya mtoto mdogo ni hatari. Na Baba Zuhura mwambie soda zake anywe mwenyewe. Lita moja ya soda ya kola ina kama gramu 100 za sukari. Lita ya ORS ina gramu 13.5 za glukosi. Tena hiyo ni baada ya Shirika la Afya Duniani kuipunguza mwaka 2002, maana zamani ilikuwa 20.

Siku nyingine soma pakiti, pima maji safi, mpe kidogo kidogo kwa kijiko, na kilichobaki baada ya saa 24 mwaga. Ziwa usimkatize. Vidonge vya zinki walivyokupa mmalizie hata kama choo kimeshashika. Akishindwa kunywa au akilegea, usinipigie mimi, kimbia hospitali.

Zabibu za Dodoma ulizoniahidi bado nazisubiri.

Ni mimi shogayo,
Mama Idi