Namba 9 upite kwa miguu

Tunduma

Mwanangu,

Nimepata ujumbe wako kwamba wenzako wa chuo wanakwenda Livingstone, Zambia, kushuka mto Zambezi kwa boti la mpira. Mama yako amenuna tangu jana. Mimi nasema nenda, ila barua hii uisome mpaka chini.

Pale napajua. Kabla daraja la Kazungula, mpakani mwa Zambia na Botswana, halijafunguliwa mwaka 2021 tulikuwa tunalala foleni siku kadhaa kungoja pantoni, na safari moja nikamwachia utingo lori, nikaenda kuona Mosi-oa-Tunya, maporomoko yanayoitwa pia Victoria. Ndiyo kusema moshi unaonguruma. Nusu ya jina hilo Mswahili hahitaji mkalimani. Mto una upana wa mita 1,708 pale unapodondoka, kisha maji yote yale yanatokea kwenye upenyo wa kama mita 110. Niliteremka hadi chini, nyani wakinikodolea macho njia nzima. Ilikuwa Aprili, mto umefura, boti zimesimamishwa. Nikaona gogo zima likizungushwa pale, likamezwa, halikuibuka tena. Nikarudi kwenye lori langu.

Ninyi mnakwenda Oktoba, maji yatakuwa yamepungua. Usidanganyike. Yakipungua ndipo miamba inapotokeza na mteremko unakuwa mkali. Kila penye maji makali pamepewa namba. Mkifika namba 9 mwongozaji atawaambia mshuke, mpite juu ya mawe. Mtu anayeamkia mto ule kila siku akikwambia shuka, mama, shuka. Hatakosekana kijana wa kutaka sifa katika kundi lenu. Mwachie sifa zake.

Mkipinduka, lala chali, miguu itangulie kule maji yanakokwenda, wala usijaribu kusimama: mguu ukinasa kati ya mawe, mkondo unakulaza kifudifudi. Jaketi okozi likazwe mpaka ulalamike. Vaa viatu vya kufunga, si ndala. Na ubakize nguvu, maana mkimaliza kuna kuupanda ukuta wa korongo.

Lile la kuruka kwa kamba kutoka daraja la pale maporomokoni, hapana. Siku ya mwisho ya mwaka 2011 kamba ilikatika, binti kutoka Australia akaangukia mtoni miguu imefungwa. Alipona, lakini mama yako hajaisahau habari ile, na ninayeishi naye ni mimi.

Nauli nimeshatuma. Ukitoka korongoni piga simu, uanze na ya mama yako.

Baba yako