Basi kuyumba si kosa la dereva peke yake

Mhariri,

Naomba nafasi niseme hili la mabasi ya usiku ya Mombasa kwenda Nairobi, manake kila likianguka twasikia dereva alikuwa mbio, dereva alisinzia, na kweli wako wa namna hiyo, lakini mimi nimetengeneza magari makubwa hapa Changamwe miaka mingi na nawaambia mengine hutoka stendi tayari hayashiki barabara.

Mengi ni chesisi ya lori, yaani fremu ya chini, iliyotiwa bodi ndefu, nyuma ya ekseli, ule mhimili wa magurudumu ya nyuma, kunabaki kipande kirefu kinaning'inia na buti iko hukohuko. Makanga akishajaza magunia na makatoni pale, mkia unazama pua inainuka, tairi za mbele zapungukiwa na uzito, usukani unakuwa mwepesi, dereva akikata kidogo gari lachelewa kuitika alafu laja lote kwa mpigo. Ongeza mizigo juu ya keria, kona za Mazeras lalala upande.

Kaa kiti cha nyuma usiku pale Mackinnon Road mpishane na lori la kontena. Upepo wa pua ya lori hulisukuma basi nje, lori likishapita hulivuta ndani. Basi lenye shokabsoba nzima, zile za kutuliza mtikisiko, litatikisika mara moja litulie, lakini lile shoki zimekufa na bushi, zile raba za viungo vya chini, zimelika laendelea kupepesuka, dereva anarudisha, anarudisha, mpaka mikono inachoka. Sheria ni 80 kwa saa, sawa, lakini gari la hivo hata hiyo 80 ni nyingi.

Na presha jamani! Watu wagonga tairi na chuma wakisikia mlio bas, safari. Tairi laini ubavu wajipinda, gari laogelea, tena yapata moto ikapasuka. Kule Marekani wenye zile motohomu kubwa, nyumba za kutembea, wako wanaopima uzito wa kila gurudumu gari likiwa limejaa ndio wasome kwenye jedwali la kiwanda cha tairi watie presha gani, na wao wamebeba familia moja tu.

Wenye mabasi, pelekeni gari mizani likiwa limepakiwa, mizigo mizito ikae chini kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, si mkiani. Wakaguzi nao wasiishie kwa taa na mikanda, waingie chini na mtalimbo watikise bushi na bolojointi, vile viungo vya usukani. Na dereva akisema gari lavuta upande, asiambiwe ni mwoga, lirudi gereji kwanza.

Fundi wa magari makubwa,
Changamwe, Mombasa