Mwanangu, usiite kila kosa dharau

Mwanangu,

Katika rasimu ya malalamiko yako kila kosa umeliita dharau: aliyekukatiza kauli, aliyeacha kujibu salamu, aliyecheka wazo lako. Hebu yatenganishe, ama sivyo msomaji atakuona mwepesi wa kununa.

Kudharau ni kumwona mtu si kitu. Hukumu hiyo hukaa moyoni, na mtu aweza kukudharau huku akikuamkia kwa adabu zote. Ikitoka nje kwa maneno au kwa kubetua midomo, hapo amebeza. Mara nyingi kinachobezwa ni kazi au kauli: juhudi hubezwa, hoja hubezwa. Basi aliyecheka wazo lako alilibeza. Angeiga sauti yako ili wenzake wacheke, ingekuwa dhihaka. Asiyejibu salamu huenda amekupuuza tu, na kupuuza si lazima kutoke kwenye kiburi, maana hata uvumi tunaupuuza. Kusonya nako, au kufyonya kama wasemavyo wengine, kusikuhadae: watu husonya kwa hasira pia.

Kutweza ni kuzito zaidi. Katiba ya Tanzania ya 1977, ibara ya 13, inakataza mtu kupewa adhabu zinazomtweza au kumdhalilisha. Na kudharau mahakama ni kosa linalothibitishwa kwa matendo, kama vile kukaidi amri, si kwa kukisia yaliyo moyoni mwa mtu. Nawe andika hivyo hivyo.

Sasa sarufi. Dharau haiishii kwa -a, kwa hiyo ukanushi hauibadilishi mwisho: hadharau, asidharau. Ukiinyambua, l hujitokeza kama katika sahau: dharauliwa, dharaulika. Hapo ndipo mwisho hugeuka: hadharauliwi. Na tafadhali, ni dh. "Zarau" iachie mazungumzo.

Kosa lililonishtua zaidi ni "ninadharaulika kazini". Umejishtaki mwenyewe! Dharauliwa lina mtendaji, hata asipotajwa. Dharaulika husema kwamba hali yako yenyewe ndiyo inayokaribisha dharau. Andika "ninadharauliwa na", kisha mtaje.

Methali nayo umeipeleka pasipo pake. "Mdharau mwiba mguu huota tende" haihusu heshima, kwani mwiba hauna heshima ya kuvunjiwa. Kudharau hapo ni kukiona kidogo kitu chenye madhara makubwa, na tende si tunda, ni ule ugonjwa wa kuvimba miguu. Humfaa anayeahirisha kutibu kidonda, si mkubwa wako wa kazi.

Kwa aya ya pili, futa "alinidharau mbele ya watu". Weka maneno aliyoyasema, kama alivyoyasema, siku aliyoyasema na waliokuwapo. Ukishamaliza, niletee tena kabla hujaituma.

Mzazi wako