Kabla hujaandika kwamba tunapungua

Kibokoni, Mombasa

Zuhura sahibu yangu,

Assalaam aleikum. Huku sote wazima, shida ni joto tu. Ile sura ya utafiti wako juu ya ndoa za mchanganyiko na hesabu za makabila katika sensa nimeimaliza juzi, na kwa kuwa ulisema nisikuonee haya, basi sikuonei.

Upande wa Marekani umeandika ukaandika. Habari ya Mildred na Richard Loving, mke Mweusi na mume Mzungu, waliooana Washington mwaka 1958 kisha wakakamatwa kwao Virginia, usiku, kitandani, nilimsomea mama. Akauliza, "Na cheti cha ndoa wanacho?" Nikamwambia kilikuwa kimetundikwa ukutani. Akasonya. Mpaka Mahakama ya Juu ilipotoa hukumu ya kesi yao mwaka 1967, majimbo 16 bado yalikuwa yanakataza ndoa za namna hiyo. Na umefanya vyema kuonya juu ya sensa yao ya 2020, ambapo waliojaza zaidi ya rangi moja waliruka kutoka milioni 9 za mwaka 2010 hadi milioni 33.8. Watoto hawazaliwi kwa kasi hiyo! Ofisi yao ya sensa yenyewe ilisema sehemu kubwa ilitokana na jinsi swali lilivyopangwa upya na majibu yalivyosomwa.

Kisha ukamleta Richard Alba, yule mwanasosholojia wa huko Marekani, na hapo ndipo nilipokukubali kabisa. Mwaka 2008 ofisi hiyo ya sensa ilitabiri kwamba kufikia 2042 Wazungu wasio Walatino watakuwa chini ya nusu ya nchi. Alba akauliza: mtoto wa baba Mzungu na mama Mlatino mmemtia wapi? Kumbe katiwa upande wa wachache, hata kama amelelewa na nyanya zake wote wawili. Utabiri mzima umesimama juu ya namna ya kuwaandika watoto wa ndoa kama hizo.

Sasa niambie, mwenzangu: kwa nini ulipovuka bahari kurudi kwetu ukamwacha Alba uwanja wa ndege? Unasema waliojiandikisha kuwa Waswahili walishuka kati ya sensa ya 2009 na ya 2019, na mstari wa pili tayari unatafuta sababu katika uzazi na kuhama. Polepole.

Unakumbuka mwaka 2019 nilikuwa karani wa sensa hapa Mji wa Kale, na kile kishikwambi kilichokuwa kikizimika kila kikipata jua. Kuna nyumba moja (nabadilisha kidogo, maana kiapo cha siri nilichokula hakina mwisho) yenye ghorofa mbili. Mzee ana asili ya Hadhramaut, kule Yemeni, mkewe ni mtu wa Mvita, na wana wao wawili wameoa dada wawili Wagiriama wa Kaloleni. Chini nilimkuta bibi. Kabila la mjukuu? "Mwarabu. Babu yake Mwarabu, baba yake Mwarabu, unauliza nini tena?" Nikaandika, maana tulielekezwa kuandika jibu la anayejibu. Nikapanda juu, nikamkuta mmoja wa wale dada anamenya viazi vya bajia. Kabila la mtoto? Akafikiri, akamtazama mtoto, akasema, "Mswahili. Huyu si Mswahili tu?" Nikaandika pia. Binamu wa damu kwa baba na kwa mama, ngazi moja inawatenganisha, na katika jedwali lako mmoja ameongeza Waarabu na mwengine ameongeza Waswahili. Ugiriama haukupata hata mmoja. Laiti ningegonga juu asubuhi wakati baba yuko, huenda jibu lingekuwa jengine.

Kwetu mtoto hufuata baba, hilo unalijua. Kwa hiyo binti wa Kiswahili akiolewa na Mhadhrami, Mbalushi (mwenye asili ya Baluchistan) au Mkamba, watoto wanahama kundi bila mtu yeyote kuhama nyumba. Na Waduruma, ambao wana ukoo wa upande wa mama na wa upande wa baba, utawatia safu gani?

Kuhusu asilimia za ndoa za mchanganyiko, nina malalamiko mawili. La kwanza ni ukubwa wa kundi. Ndoa 20 kati ya Wabalushi na Wagiriama ni 20 kwa kila upande, lakini kwa Wabalushi ni fungu kubwa na kwa Wagiriama hazionekani. Usiandike kwamba kundi dogo "liko wazi zaidi" kabla hujaliondoa hilo.

La pili linaniuma zaidi. Sensa yetu humhesabu mtu mahali alipolala usiku ule, wa kuamkia tarehe 25 Agosti. Mume aliye kazini Dubai au Saudia hayumo. Mwenye wake wawili, mmoja Likoni na mmoja Majengo, amelala kwa mmoja tu, na yule wa pili anakuwa mkuu wa kaya, ameolewa, na mume haonekani. Wewe umeoanisha mke na mume waliokutwa nyumba moja, ukaziita hizo ndizo ndoa za Mombasa. Ndoa za walio kazini ng'ambo zimekuponyoka zote, na za wake wenza umepata ile ya nyumba aliyolala mume tu. Wala usikimbilie vyeti: Sheria ya Ndoa ya 2014 inazigawa ndoa katika Kikristo, kiserikali, kimila, Kihindu na Kiislamu, na hapo kabila hulipati.

Ningependa pia uiguse orodha yenyewe. Mwingereza alitupanga Wazungu, Wahindi, Waarabu, Waafrika, na wazee wa Thenashara Taifa, yaani yale mataifa kumi na mawili ya Waswahili wa Mombasa, wakahangaika miaka mingi wasiwekwe kundi la wenyeji, maana hilo lilikuja na kodi ya kibanda. Siku hizi orodha huongezwa kwa tangazo la serikali: Wahindi wa Kenya wakawa kabila la 44 mwaka 2017, nyuma ya Wamakonde, na mwaka 2023 wakafuata Wapemba. Na Mdigo akivuka mpaka pale Lunga Lunga, anatoweka kabisa, kwa sababu sensa ya Tanzania haijauliza kabila tangu 1967. Sidhani Tanga wanajiona wamepungukiwa na kitu.

Ninachokuomba ni jedwali moja tu, kabla sura haijatoka mikononi mwako: chukua watoto ambao wazazi wote wawili walikutwa nyumbani na makabila yao yanatofautiana, uoneshe mtoto aliandikwa la nani, 2009 na 2019 kando kwa kando. Kama sehemu ya Waswahili waliopungua imehamia humo, utaiona. Kama haimo, basi rudi kwenye uzazi wako, nami nitanyamaza.

Mama anakusalimu, na anauliza kama mwalimu wako ameshaipitisha hiyo sura au bado. Mimi namwombea achelewe kidogo.

Wasalaam,
Mwenzio, Saumu