Risala ya vijana wa ushairi kwa mgeni rasmi, mzee wetu fundi mhunzi

Mgeni wetu rasmi, mzee wetu fundi, walimu, wazazi, na wenzetu mlotoka Majengo, Kisauni na ng'ambo ya Likoni, assalaam alaikum, na wakubwa wote shikamooni.

Kwanza twakushukuru kwa kuja, manake twajua Jumamosi ndo siku ya wateja na umefunga kiwanda kwa ajili yetu. Watu wametuuliza sana, ati mbona hamkumualika mwakilishi wa wadi, si angewapa hata viti vya plastiki. Viti twavitaka, tusidanganyane. Lakini leo twasoma mashairi ya nyundo, tezo ya kuchongea mbao na ukili wa kushonea mikeka, na tulitaka mgeni ambaye mshairi akipotoka amjue papo hapo.

Mzee wetu, kikundi chetu ni cha vijana wanaopenda tungo za vina na mizani, yaani hesabu ya silabi, hapa kwetu Mvita, ndo Mombasa, mji wa mshairi Muyaka bin Haji aliyefariki 1840 na bado mashairi yake watu wanayo mdomoni. Tunakutana, tunasomeana, tunakosoana mpaka sauti zinapanda. Wapo wasiotunga kabisa, wao hurekodi kwa simu, hupika chai, hupanga mikeka, na hao hatuwadharau kwa sababu wazee walishasema mwana wa mhunzi asiposana huvukuta, yaani asipofua chuma basi hupuliza moto.

Sasa tukija kwenye jambo lenyewe. Mashairi mengi siku hizi yakitaja ufundi yanataja juu juu tu. Mpenzi ni dhahabu, moyo ni chuma, maisha ni jahazi, basi, imeisha hiyo. Dhahabu gani, imeyeyushwa au bado? Chuma kiko motoni au kimetupwa nje kinashika kutu? Sisi twaona sitiari ya ufundi inapata nguvu pale mtunzi anapojua kazi inavyokwenda hatua kwa hatua, na ndo maana tulianza kuja pale kwako kukaa pembeni tukitazama, ukatuvumilia ingawa tulikuzibia njia.

Tuliyoyaona pale yametufaa kuliko vitabu vingine tulivyosoma. Kile kipande cha springi ya gari ulichokuwa unakigeuza kiwe shoka, tulikuona hukigusi kikiwa chekundu cha giza, ukasubiri huku yule kijana anazungusha rimu ya baiskeli inayopeleka upepo kwenye makaa, mpaka kikawa rangi ya chungwa inayoelekea manjano, hapo ndo koleo ikaingia na nyundo ikashuka. Ukatwambia kikizidi hapo kitaanza kurusha cheche nyeupe, chuma kinaungua na hakifai tena, na kikipoa ukaendelea kugonga kinapasuka. Halafu kile kitendo cha mwisho, kukizamisha majini kikawa kigumu, kisha ukakirudisha kwenye joto dogo, manake kigumu mno huvunjika kama kigae. Mwenzetu mmoja alikuwa na shairi la baba mkali, likawa limekwama beti na beti, alipoona hilo joto dogo la pili alikwenda kulimaliza usiku uleule. Leo atalisoma.

Na kitu kingine ambacho pengine wewe hukioni tena kwa kuzoea: kati ya pigo na pigo nyundo yako inaruka kidogo juu ya fuawe, kile chuma cha kufulia, tupu, ting, kisha inarudi kwenye chuma. Mkono unapumzika bila mwendo kukatika. Tulitazamana tukacheka, kwa sababu hiyo ndo kazi ya kibwagizo kwenye shairi, mstari unaorudi kila mwisho wa ubeti msomaji akavuta pumzi.

Huu hapa ubeti mmoja tuliutunga kwa pamoja:

Neno lina mvukuto, moto usije kuzima,
Ulitazame kwa mato, lipate kuwiva vyema,
Nyundo ishuke na joto, lingali halijagoma,
Ufuapo li baridi, lapasuka kama chuma.

Ugomvi ulikuwa kwenye "mvukuto", kile kiriba cha kupulizia moto, wengine wakadai kipande, yaani nusu ya mstari, kina mizani saba tu, mpaka mwalimu akagonga meza akisema ile "m" yahesabiwa peke yake, hesabuni upya. Ni nane. Na mmoja akauliza kama bado ni halali kutaja mvukuto wakati kiwandani siku hizi ni rimu ya baiskeli. Hilo twakuachia wewe mzee.

Uhunzi sio peke yake. Kuna dada yetu kaleta shairi la mume na mke waliotengana muda mrefu, kalijenga kwa jahazi lililopandishwa pwani likakauka: mbao zimejikunja, kalafati, ile pamba ya kuzibia mianya, imelegea, na likishushwa majini siku za kwanza linavuja vibaya hadi mbao zinywe maji zifure ndo mianya izibe. Yaani kuvuja mwanzoni si dalili ya kuzama. Mwengine kaandika kuhusu bibi yake na ukili wa miyaa, ule msuko wa majani ya mkoma, hilo bado lina vina viwili vya kulazimisha lakini lina roho.

Hatukuanza sisi haya. Marehemu Ustadh Ahmed Sheikh Nabhany, mzaliwa wa Lamu wa 1927 aliyefariki 2017, alitunga Sambo ya Kiwandeo, shairi la ujenzi wa chombo lililochapishwa 1979, na Umbuji wa Mnazi la 1985, akahifadhi humo majina ya kazi na vifaa ambavyo vijana wa leo tukivitazama hatujui hata pa kuanzia kuviita.

Changamoto hatutazirefusha. Ukumbi ni wa kuazima, na vijana wengine wanaona ushairi hauleti unga nyumbani, na kusema kweli hatuna jibu zuri la kuwapa.

Maombi yetu mzee ni haya. Utukubalie tuje kiwandani wawili wawili, hatutakaa mlangoni tena. Uturuhusu kukurekodi ukitaja jina la kila kifaa na kila hatua kama ulivyofunzwa na wazee wako. Na leo hii, mshairi akisoma ukasikia chuma kimefuliwa kikiwa baridi, au koleo imeshikwa kwa mkono usio wake, usione haya, inua mkono umsimamishe hapohapo na umwambie mbele ya watu. Wote wameshaambiwa na wamekubali, ingawa wawili walinung'unika.

Msomaji wa kwanza yuko tayari, na chai ni baada ya shairi la tano.

Ni sisi,
Wanakikundi wa ushairi, Mombasa