Watoto wetu wamwone Kabalega kwenye katuni

Mhariri,

Naomba nafasi gazetini niseme na wenye vituo vya televisheni na wapangaji wa mitaala hapa Uganda. Mimi nina kibanda cha video Mpumudde, Jinja. Jumamosi asubuhi, kabla ya mpira wa Uingereza, nawawekea watoto katuni. Wanaipenda sana Ubongo Kids ya Tanzania, iliyoanza mwaka 2014. Hesabu zake wanaondoka nazo kichwani, na nyimbo zake nazisikia bombani wakisubiri maji. Kwa hiyo hesabu na sayansi zimepata watu wa kuzichora. Historia yetu je?

Omukama, yaani mfalme, Kabalega wa Bunyoro alifariki hapahapa kwenye kilima cha Mpumudde mwaka 1923, akiwa njiani kurudi kwao baada ya kufungiwa Ushelisheli zaidi ya miaka 20. Watoto wa mtaa huu wanapita chini ya kilima hicho kila siku. Kabalega wanamjua kwa jina na mwaka, vitu vya kukariri kwa ajili ya mtihani wa darasa la saba.

Na kisa chenyewe kinajichora! Mwaka 1886 majeshi ya Bunyoro na Buganda yalipigana, Kabalega upande mmoja, Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, upande wa pili. Miaka kumi na mitatu baadaye wafalme haohao wawili wamejificha pamoja katika nchi ya Lango, wakiwindwa na Waingereza. Tarehe 9 Aprili 1899 wakakamatwa. Kati ya waliowakamata alikuwamo Semei Kakungulu, na Kakungulu ni jemadari wa Kiganda. Mtoto yeyote akiliona hilo atauliza: mbona Muganda anamkamata Kabaka wake? Hapo ndipo somo linapoanza, na kitabu cha shule hakimpi nafasi ya kuuliza.

Ninachokihofia ni katuni ya kusifu tu. Kibandani kwangu wanakaa benchi moja mtoto wa Kiganda, wa Kinyoro, wa Kisoga na wa Kijaluo. Kabalega akifanywa malaika na Waganda wakafanywa wasaliti, nitakuwa nimewauzia watoto ugomvi wa mababu. Waonyeshwe kila mtu alitaka nini na aliogopa nini: Kabalega aliyekuwa akijenga upya ufalme wake, Kakungulu aliyetafuta cheo na ardhi. Watoto wana akili ya kupima.

Jambo la mavazi pia nalisisitiza. Mchoraji asimvalishe Omukama ngozi ya chui kwa sababu filamu za kigeni humvalisha hivyo kila mfalme wa Afrika. Aende Jumba la Makumbusho pale Kamwokya, aangalie ngoma, mikuki na vitambaa vya magome ya mti, ndipo ashike kalamu. Vijana wa kuchora tunao, Makerere inawafundisha sanaa tangu enzi za mkoloni.

Kuhusu lugha, sisi wenye vibanda tunajua siku nyingi kwamba picha moja hubeba sauti nyingi. VJ wetu, yaani msimulizi wa filamu, huchukua filamu ya Kihindi au ya Kimarekani, akaisimulia kwa Kiganda mpaka bibi asiyejua Kiingereza analia machozi. Basi katuni hii irekodiwe kwanza kwa Kiswahili, kisha Kinyoro, Kiganda, Kilango na nyinginezo. Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliamua Kiswahili kiwe somo la lazima shuleni. Walimu hawatoshi, na mtoto hajifunzi lugha isiyokuwa na hadithi ndani yake anayoitaka.

Naiomba UBC, televisheni ya umma, ianze na vipindi vichache tu, cha kwanza kikiwa cha wafalme hao wawili. Wakitaka kukijaribu mbele ya watoto kabla hakijarushwa hewani, waje Mpumudde Jumamosi asubuhi. Kibanda nitawaachia bila malipo, na watoto watawaambia palepale ni wapi wamechoka na ni wapi wanataka kuuliza.

Mwenye kibanda cha video,
Mpumudde, Jinja