Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama Wenye Ugonjwa Sugu wa Kongosho

Ndugu wanachama,

Taarifa hii ilikuwa isomwe kwenye mkutano mkuu. Mkutano mkuu haukufanyika, sababu nitaieleza huko chini, kwa hiyo inawafikia kwa maandishi. Anayeisoma amwambie na mwenzake, maana najua wengi watafungua ukurasa wa kwanza kutafuta majina yao, kisha waifunge.

Nianze na yale mnayoyajua. Vikao vya kila mwezi kwa njia ya simu vilifanyika isipokuwa viwili, kimoja nikiwa nimelazwa mimi, kingine akiwa amelazwa katibu. Somo la vidonge vya vimeng'enya, vinavyosaga chakula pale kongosho linaposhindwa, lilirudiwa mara tatu, kwa sababu bado wapo wanaomeza dozi yote, wakakaa nusu saa, ndipo wakala. Vidonge huanza na tonge la kwanza na vingine hufuata katikati ya mlo. Vikitangulia peke yao havina cha kusaga. Somo la kisukari kinacholetwa na kongosho kuharibika lilikuwa moja. La mifupa na vitamini A, D, E na K, moja. La kuacha sigara, moja, na waliohudhuria ni wale wasiovuta. Tulitembelea waliolazwa. Tulizika wenzetu wawili, Mungu awarehemu. Kwa upande wa shughuli, hayo yanatosha.

Sasa suala la barua, ambalo limesemwa sana nyuma yangu na kidogo sana mbele yangu.

Tangu chama kianze tulikuwa na barua. Mwanachama anayeomba mafao ya ulemavu alikwenda kwa katibu, jina likajazwa, mhuri ukagongwa: tunathibitisha kuwa ndugu huyu ni mwanachama wetu, anaugua ugonjwa sugu wa kongosho, ana maumivu makali yasiyovumilika, tunaomba asaidiwe. Katika miaka miwili tulitoa barua 47. Nimezisoma zote, usiku, na najua ni mimi pekee niliyezisoma. Ukiondoa jina na tarehe, ni barua moja.

Mwezi wa tatu mwanachama mmoja alikataliwa, akarudishiwa jalada lake. Ndani yake afisa wa mafao alikuwa amebana na pini nakala tatu za barua ya chama: yake, na mbili za wengine, majina yakiwa yamefunikwa kwa vipande vya karatasi. Hakuandika neno. Alipiga mstari mwekundu chini ya "maumivu makali yasiyovumilika" kwenye zote tatu, na duara dogo kwenye neno "kongosho", ambalo katika zote tatu tuliliandika "kongoso". Siku hiyo hiyo nikatangaza kwamba barua imesitishwa.

Badala yake chama kinatoa daftari. Kwa siku 90 mwanachama anaandika saa alizolala chini mchana, chakula kilichokaa na kilichorudi, mara alizokwenda haja, dawa alizomeza na jinsi zilivyomfanya, na kazi aliyoianza akaiacha. Mwishoni mwenzetu mmoja wa kujitolea humsaidia kulifupisha liwe ukurasa mmoja. Ukurasa huo unakwenda kwa daktari wake, na daktari ndiye anayeandika barua, kwa maneno yake, akisema mtu huyu hawezi nini.

Malalamiko ya kwanza ni kwamba namlazimisha mgonjwa athibitishe maumivu yake mbele ya wagonjwa wenzake. Naelewa kwa nini neno hilo linauma. Lakini tuambiane ukweli kuhusu ugonjwa wetu. Wakati wa shambulio la ghafla, amilasi na lipasi, vimeng'enya vya kongosho, hupanda kwenye damu, mara tatu ya kawaida au zaidi, na kila mtu anaamini. Ukishakuwa sugu, kongosho limegeuka kovu, halina tena cha kumwaga, na vipimo hivyo hivyo vinaweza kurudi safi huku mwenyewe umejikunja kama kamba. Picha ya CT inaweza kuonyesha chembe za chokaa na mrija uliotanuka, ila wingi wa chokaa hauendi sambamba na maumivu: yupo mwenye kongosho lililojaa mawe anayefanya kazi, na yupo mwenye picha ya wastani asiyeweza kukaa kitini saa moja. Kipimo cha elastasi, kimeng'enya kingine cha kongosho, kwenye kinyesi kikishuka chini ya mikrogramu 200 kwa gramu huashiria upungufu, lakini mafuta hayaanzi kuelea chooni mpaka uwezo wa kutoa lipasi umebaki chini ya asilimia 10 hivi. Kwa hiyo mtu anaweza kuumwa miaka kabla ya karatasi yoyote kumsemea.

Na afisa haulizi jina la ugonjwa. Mkataba namba 102 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1952, unapozungumzia mafao ya ulemavu unataja kutoweza kufanya kazi ya kipato, hali ambayo inaelekea kuwa ya kudumu au inaendelea baada ya mafao ya ugonjwa kwisha. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, wa 2006, nao unaangalia hitilafu ya muda mrefu inavyogongana na vizuizi vinavyomzunguka mtu. Hakuna mahali panaposema "mwenye kongosho apewe". Barua yetu ilikuwa inajibu swali ambalo hakuna aliyeuliza.

Nitoe mfano wangu mwenyewe, na sisemi haya ili nihurumiwe. Nilikataliwa mara ya kwanza. Nilipoomba kuona jalada langu nilikuta daktari ameandika, katika ziara sita mfululizo, "mgonjwa anaendelea vizuri". Nilikasirika mpaka nikakumbuka. Kila nilipoingia aliniuliza, "Habari za siku nyingi?" Na mimi, nimetoka kulala sakafuni bafuni kwa sababu vigae vinapoza tumbo, nimevaa shati lililopigwa pasi na mke wangu, nikajibu: "Nzuri, daktari, namshukuru Mungu." Mara sita. Adabu yangu ndiyo iliyonikatalia mafao. Mara ya pili nilikataliwa kwa sababu niliandika "siwezi kufanya kazi yoyote", na ukurasa wa nyuma nikaandika kwamba nawasaidia watoto masomo yao. Mara ya tatu nilipeleka daftari, na ndiyo iliyopita.

Kwa ruhusa ya mwenyewe ninanukuu siku moja ya mwanachama wetu: "Saa 9 usiku nimeamka, goti kifuani. Saa 11 nimetapika. Saa 2 asubuhi supu vijiko vitatu, vidonge viwili. Saa 4 nimekaa mezani kupanga risiti, nimepanga kumi na moja. Saa 5 kasoro nimelala. Mtoto amerudi shuleni amenikuta nimelala. Risiti ziko palepale." Linganisheni na "maumivu makali yasiyovumilika". Mtu akisoma risiti kumi na moja anajua amesoma kuhusu mtu.

Kuna wanaoogopa kuandika dawa kali za maumivu za jamii ya afyuni wasije kuitwa wateja wa dawa za kulevya. Andikeni. Usingizi wa mchana, kichwa kizito na choo kilichofunga ni sehemu ya sababu huwezi kazi. Wengine wanaogopa swali la pombe. Pombe ni chanzo kikubwa, hatufichi, na sigara ni chanzo chenyewe hata kwa asiyekunywa. Lakini tangu 1996 inajulikana kuwa hitilafu ya jeni iitwayo PRSS1 huleta ugonjwa huu ndani ya familia, hata kwa watoto, na wapo ambao chanzo chao hakijapatikana hadi leo. Jibu swali lililoulizwa, kwa ukweli, kisha rudi kwenye risiti zako. Na ninawaomba wanachama waliougua bila pombe waache kulisema hilo kikaoni kana kwamba ni cheo.

Malalamiko ya pili ni kwamba niliamua peke yangu. Si kweli kabisa. Nilimpigia simu katibu. Alikuwa chini ya dawa, lakini alisema "sawa". Ibara ya 14 ya katiba yetu inampa mwenyekiti nafasi ya kuchukua hatua za dharura na kuitaarifu kamati baadaye, nami niliitaarifu baada ya wiki tano. Kamati haikukaa mapema kwa sababu wajumbe hawakufika. Tafsiri ya neno "dharura" nawaachia wanaolipenda.

La tatu, kwamba mwenyekiti ameshapata yake sasa anafunga mlango, sitalijibu, ila niseme tu kwamba simu ya chama ni simu yangu, vocha ni zangu, na madaftari 22 ya kwanza yalinunuliwa kutoka mfukoni mwa mtu ambaye hajadai kurudishiwa.

Lipo la nne, ambalo hakuna aliyelitoa kikaoni, nami nalitoa mwenyewe. Mwanachama mmoja alikuja na barua ya kukataliwa. Nikamwambia amalize siku 90 kwanza. Barua yake ilikuwa na muda wa rufaa wa siku 30, umeandikwa ukurasa wa pili kwa herufi ndogo. Muda ukapita, ikabidi aanze ombi upya kutoka mwanzo. Lawama hiyo naipokea nusu, maana ukurasa wa pili sikuonyeshwa. Katibu anasema ningeuuliza. Sasa utaratibu ni kwamba rufaa inakatwa kwanza, hata kwa mistari miwili, ikitaja kuwa ushahidi zaidi utafuata, na daftari linaandikwa huku rufaa ikisubiri. Kwa ndugu huyo, ambaye hajajibu simu zangu tangu wakati huo, daftari lake ninalo na nimelifupisha.

Matokeo: waliochukua daftari 38, waliolimaliza 14, maombi na rufaa tulizosaidia 9, zilizokubaliwa 4, zinazosubiri 3, zilizokataliwa 2. Najua idadi ni ndogo na haithibitishi kitu. Wanaosema barua ilikuwa inafanya kazi vizuri zaidi waniletee majina, kwa sababu ofisi haina rekodi ya nani kati ya wale 47 alifanikiwa. Hakuna aliyewahi kurudi kutuambia.

Hilo linanileta kwenye mahudhurio na ada.

Tuko wanachama 163. Akidi ya mkutano mkuu ni 50. Walioingia ni 31, na kati ya hao wanne waliingia wakatoka baada ya sala. Ninajua sisi ni wagonjwa. Mimi ndiye wa mwisho wa kuambiwa hivyo. Lakini nilipopitia orodha niliona jambo: aliyekuwa na mpira puani alihudhuria, akiandika maoni kwa kuwa hawezi kusema. Aliyetoka kuchomwa sindano ya kutuliza mishipa ya fahamu ya tumbo siku mbili nyuma alihudhuria. Wasiohudhuria ni wale ambao jioni ileile walikuwa wakituma picha za vichekesho kwenye kundi letu. Saa ya ujumbe inaonekana, ndugu zangu.

Ada waliolipa ni 58. Wenye malimbikizo ya mwaka mmoja 61, ya miaka miwili na zaidi 44. Nimeshaeleza kwamba asiye na uwezo aseme neno moja tu kwa mweka hazina, atasamehewa bila maswali. Waliosema ni watatu. Waliobaki wamenyamaza, na katika hao wamo waliopata mafao kwa msaada wa chama hiki. Majina sitayataja. Mweka hazina anayo.

Kuhusu mwaka ujao, kamati inatarajia, hali ikiruhusu, kupata daktari atakayekuja kuzungumza na madaktari wenzake jinsi ya kuandika barua ya uwezo wa kazi, kuchapisha daftari lenye jalada gumu, na kuangalia uwezekano wa kuwa na mtu wa kuandamana na mwanachama siku ya kusikilizwa. Pia kuna wazo la kikundi cha walezi, maana wake, waume na watoto wetu nao wamechoka. Tarehe zitatangazwa.

Mkutano mkuu utaitishwa tena. Barua ya chama itakuwa ajenda namba moja, ili wenye hoja wazitoe pale, na kura ipigwe kama akidi itafika. Ndugu Katibu ameomba iandikwe kwamba yeye angependa barua irudi, ikiwa na tahajia sahihi. Nimeiandika.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti